Båtsfjord mpaka Berlevåg: dakika 12 kwa ndege, upepo ukikubali

Wengi mmeniuliza kule Båtsfjord na Berlevåg, Norway, ni wapi na nilifuata nini mwezi wa tatu kwenye baridi ile, basi nimekaa na picha zangu na vinoti vya kwenye simu niandike yote sehemu moja.

Kwanza ramani. Chukua Kigoma mjini, piga mstari kwenda kaskazini bila kupinda, unapita Burundi, Rwanda, Sudan, Misri pembeni kidogo ya Alexandria, Uturuki, Ukraine, Finland, na ukikaribia kudumbukia bahari ya Barents ndio unaikuta Båtsfjord. Sitanii, longitudo ni ileile karibu kabisa, digrii 29 na kitu mashariki. Kilometa kama 8,400 kutoka nyumbani kwetu. Halafu cha ajabu saa zao ni nyuma ya Kigoma kwa masaa mawili wakati wa baridi, maana Norway nzima inatumia saa moja na Oslo iko mbali sana magharibi. Kwa hiyo jua la Båtsfjord linafika juu kabisa saa tano na kitu asubuhi, ukisubiri saa sita umeshachelewa picha.

Båtsfjord ina watu elfu mbili na kidogo. Jirani yake Berlevåg hawafiki elfu moja. Zote ziko rasi ya Varanger, mkoa wa Finnmark, juu kabisa ya Norway. Kati yao kwa mstari wa ndege ni kilometa 38 hivi. Hiyo 38 ikumbukeni.

Jumatano: Tromsø – Båtsfjord

Nafanya kazi jikoni Tromsø, na huko Båtsfjord kuna mama mmoja wa Uvira, Kongo, tuliyefahamiana kwenye msiba Oslo, akanizoea kama mwanae kwa sababu tu mimi ni wa Kigoma, anasema sisi ni wa ziwa moja. Yeye na mdogo wake waliletwa na UN kutokea kambini Uganda, ila huku wakimbizi wanagawanywa kwa halmashauri, dada akapangiwa Båtsfjord na mdogo mtu Berlevåg. Mtu wa ofisini alipoangalia ramani lazima aliona amewaweka pua na mdomo.

Mzigo wangu: unga wa mhogo kilo nane, dagaa, na mawese lita tano, nusu ya dada, nusu ya mdogo. Dukani Oslo ndio bei nafuu, rafiki akaniletea. Mawese yawekwe begi la chini, kwenye begi la mkononi yatabaki kwa walinzi. Mimi nilifunga dumu kwa nailoni, nikavisha soksi, nikavisha tena mfuko wa taka, na bado njia nzima roho juu.

Ndege ni Dash 8, ile ya mapangaboi mawili, viti 39. Tiketi krona elfu moja na mia tano hivi kwa kuwa nilikata mapema. Tromsø mpaka Båtsfjord ni kama kilometa 420 lakini hamna kwenda moja kwa moja, ilisimama Hammerfest, Mehamn, Berlevåg, kila kituo inashusha wawili inapakia watatu, wewe unabaki kwenye kiti na mkanda wako. Viwanja vingine njia ya kurukia haifiki hata kilometa moja, rubani anaishusha ndege kama ana hasira nayo, breki, mapanga yanageuza, mnasukumwa mbele wote. Mara ya kwanza nilishika mkono wa bibi wa kiti cha pembeni. Bibi akanipigapiga mkono akaendelea kusuka soksi yake.

Sasa Berlevåg tulikaa labda dakika kumi. Nikaiona dirishani: nyumba za rangi, bahari inachemka, minara ya upepo kwa mbali juu. Nikasema moyoni si ningeshuka hapahapa nimpe mdogo mtu vitu vyake, ila begi liko chini na tiketi inasema Båtsfjord. Tukaruka. Nikawasha saa ya simu. Dakika 12 magurudumu yanagusa. Kwenye ratiba wanaandika robo saa.

Mama alikuwa eapoti na jirani mwenye gari. Usiku ugali wa mhogo na samaki kwa mawese, nimelala saa tatu.

Alhamisi: Båtsfjord

Mji wa samaki, hakuna kingine na hawakitafuti. Viwanda viko ukingoni mwa maji, boti zinashusha torsk (samaki anayeitwa cod kwa Kiingereza) usiku na mchana, na kuna kaa mfalme, wale wakubwa wa miguu mirefu ambao Warusi ndio waliwapandikiza bahari ya Barents miaka ya 1960 wakavuka wenyewe mpaka huku. Kwenye kantini ya kiwanda mama anapofanya kazi nilisikia Kilithuania, Kitamili, Kirusi, na meza ya mwisho Kiswahili chetu cha Kongo.

Kitu nilichokaa kukitazama muda mrefu ni watoto wanaokata ndimi za samaki. Huku kuna desturi, mtoto wa shule akitoka darasani anaenda kiwandani kukata ndimi za torsk auze apate hela yake. Kuna ubao una msumari mrefu wa chuma umesimama, mtoto anachukua kichwa cha samaki kwa mkono wa kushoto, anakitia kwenye msumari kuanzia chini ya kidevu, ulimi unajitokeza juu, kisu kinapita mara moja, ulimi ndooni, kichwa kinatupwa kwenye tenki. Binti mmoja wa miaka kumi hivi, aproni ya plastiki inamfika miguuni, hata haangalii mkono wake, anapiga stori na mwenzake. Nikamwomba nijaribu. Akaniangalia glavu zangu akakataa kwa adabu.

Vichwa vinakaushwa, vingi vinaenda Nigeria. Mama yeye anaomba vibichi anapewa bure mfuko mzima, mchana tulikula supu ya vichwa na pilipili, wallahi kama kuna dawa ya baridi ni ile.

Ukienda usipange hoteli kwa kuchelewa, vyumba ni vichache na msimu wa samaki vinajaa wafanyakazi. Chakula cha nje ni ghali, kahawa na wafo (waffle) tu krona 70. Duka la kawaida lipo, linafungwa Jumapili.

Ijumaa: eapoti, Båtsfjord

Siku ya kwenda Berlevåg. Tiketi ya hicho kipande peke yake haikufika krona elfu moja. Ndege ya mchana. Mama kanifungia na chapati za mdogo wake, tukafika uwanjani saa nzima kabla, jengo lenyewe ukumbi mmoja, mashine ya kahawa, na dada mmoja kaunta ambaye ndiye anapima mabegi, halafu anavaa kizibao cha njano anatoka nje anakuwa mpakiaji.

Nje palikuwa shwari kabisa, nakwambia. Theluji inadondoka kidogo kidogo, bendera inacheza taratibu. Ndege ikaja, ikatua vizuri, tukasimama tujipange. Yule dada akarudi ndani akasema wa Tromsø na Mehamn wapite, wa Berlevåg tukae. Kumbe Berlevåg upepo wa ubavuni umezidi kipimo cha ndege, rubani anairuka anaenda moja kwa moja Mehamn. Tulikuwa watatu wa Berlevåg. Tukaangalia ndege yetu inaondoka.

Mama alicheka. Akasema mwaka jana mdogo wake alipojifungua yeye alifika mtoto ana siku tisa.

Hapa mjue mambo mawili. Ndege ikifutwa kwa hali ya hewa hulipwi fidia ya hela, lakini sheria za abiria za Ulaya zinatumika Norway pia, kwa hiyo kampuni inatakiwa ikupe chakula, pa kulala kama unahitaji, na safari nyingine. Uliza, maana usipouliza wengine wananyamaza. La pili, wakikwambia watakupeleka kwa gari usishangilie kwanza, uliza barabara ya mlimani iko wazi? Siku ile mlima ulifungwa tangu asubuhi.

Meli ya pwani nayo, ile inayotoka Kirkenes kushuka mpaka Bergen, inapita Båtsfjord karibu saa mbili usiku na kufika Berlevåg kabla ya saa nne. Tukapiga simu. Wakasema itapita ila Berlevåg huenda isiingie, bandari iko wazi kwa upepo wa kaskazini, ikishindwa inaendelea na wewe ndani yake. Mama akakata shauri, "Utaamkia Honningsvåg na mawese yangu. Kaa." Nikakaa.

Jumamosi: mlimani

Kwa barabara kutoka Båtsfjord mpaka Berlevåg ni kilometa tisini na kitu, maana hakuna njia ya pwani. Unapanda juu ya mlima kusini mpaka njiapanda ya Gednje, halafu unarudi tena kaskazini kupitia Kongsfjord. Kiangazi watu wanasema saa moja na nusu wametoka. Baridi vipande vyote viwili vinapitwa kwa msafara, yaani magari yanasubiri kwenye geti, gari la kusukuma theluji linatangulia, mnafuata nyuma yake mmoja mmoja. Hali ikizidi, geti linafungwa na hakuna msafara.

Lifti nilipewa na mzee mmoja Mtamili wa Sri Lanka, jirani wa mama, amekaa Båtsfjord tangu miaka ya themanini, wenzake wengi walikuja kufanya kazi viwandani wakati ule. Alikuwa anafuata kipuri cha injini ya boti Berlevåg. Nikamuuliza nichangie mafuta kiasi gani akasema nichangie stori.

Saa nne asubuhi tuko getini. Magari kumi hivi mbele yetu, lori la samaki, basi dogo. Taa za njano zinawaka, geti limeshuka. Tukakaa masaa mawili na zaidi. Dereva wa lori, mwanamama mwenye sweta la sufu, akapita gari kwa gari na chupa ya kahawa na mikate ya mdalasini, alipofika kwetu akaniangalia glavu (hizo glavu zangu kila mtu alikuwa na neno nazo), akarudi garini kwake akaniletea za sufu nene, zina harufu ya dizeli. Nikataka kumrudishia mwisho wa safari akasema ana nyingine tatu.

Mzee akafungua kontena lake la wali na samaki wa mchuzi wa nazi. Nikatoa chapati za mdogo wake mama, mbili tu, nitajieleza mbele ya safari.

Gari la theluji likaja. Dereva wake alishuka akapita kila dirisha: mko wangapi, mafuta yako kiasi gani, mna nguo nzito na koleo? Jamaa mmoja wa gari dogo la kukodi alikuwa na jaketi la mjini na tanki robo, alirudishwa hapohapo. Masharti: washa taa zote za hatari, usimwache wa mbele apotee, usisimame, usigeuze, na ikitokea msafara umekwama unabaki ndani ya gari. Huo wa kubaki garini alirudia mara mbili.

Halafu tukaingia weupe. Siwezi kusema niliona mlima, sikuona. Niliona taa mbili nyekundu za lori, zinapotea, zinarudi, na fito za pembeni ya barabara zinazotokea moja moja. Upepo unapiga gari ubavuni unalihamisha. Mzee anaendesha mkono mmoja, redio inaimba, ananieleza mwanae ni mhandisi Trondheim. Gednje tukasimama tena kusubiri msafara wa pili, saa nzima na zaidi. Simu yangu ilisema hapo kwa mstari wa ndege tuko mbali na Berlevåg kuliko tulivyokuwa asubuhi.

Kipande cha Kongsfjord kilikuwa afadhali, ghafla tukatoka chini ya wingu bahari hii hapa, kijivu, mawimbi yanavunjika mpaka barabarani. Juu kushoto ndio kuna Raggovidda, mashamba ya upepo, mitambo ya kwanza iliwashwa 2014, na ni kati ya sehemu zenye upepo bora kwa umeme Ulaya nzima. Sikushangaa hata kidogo.

Tumefika Berlevåg karibu saa kumi na mbili jioni. Mdogo wake mama alikuwa amesimama nje na mtoto mgongoni chini ya koti, sijui tangu saa ngapi. Mawese hayakumwagika hata tone. Chapati alizihesabu.

Kwa mtu atakayepita njia hiyo: namba ya simu ya hali ya barabara ni 175, piga kabla hujatoka, na tovuti yao ina saa za misafara. Jaza tanki. Beba chakula cha siku nzima hata kama ramani inasema saa moja na nusu. Tairi za misumari ndio mpango mzima, ukikodi gari baridi wanakupa zenyewe lakini hakikisha.

Jumapili: Berlevåg

Upepo ukalala kabisa, kama haukuwepo. Shemeji akanipeleka gatini kunionyesha ukuta wa mawimbi. Ukuta wenyewe umekingwa na mabonge ya zege ya miguu minne, kila moja tani 15 mpaka 25, yamerundikwa baharini yameng'ang'aniana kama mbigili, huwezi kuling'oa moja bila kuvuta mengine. Ujenzi uliisha 1973. Kabla ya hapo dhoruba zilibomoa kuta walizojenga, na meli ya pwani haikuweza kufunga gatini, abiria na mizigo walishushwa kwa boti ndogo nje kule kwenye mawimbi. Na mji wote ni mpya kwa sababu Wajerumani walipokuwa wanarudi nyuma 1944 walichoma karibu Finnmark yote.

Nikawauliza, dada na mdogo wanaonana mara ngapi? Kiangazi kila wiki mbili hivi, wana gari. Kuanzia Novemba wanapigiana video. Ndege ipo, lakini familia ya watu wanne kwenda na kurudi ni hela, na mkienda Ijumaa nani anawahakikishia Jumatatu mtakuwa kazini? Shemeji alishakosa zamu mbili kwa hilo, msimamizi akamwelewa, mara ya pili akamwelewa kidogo. Mdogo mtu akasema kutoka Uvira mpaka mpaka wa Uganda walitembea na kupanda malori wakiwa pamoja muda wote, huku ndio wametenganishwa na barabara nzuri ya lami.

Usiku nikarudi kwa meli. Hii ndio siri ambayo wageni hawaijui: ile meli ya kitalii ya Bergen–Kirkenes inayosimama bandari 34 unaweza kupanda kituo kimoja tu kama mwenyeji. Nililipa krona mia nne na kitu, bila chumba, unakaa ukumbini kwenye viti vizuri. Ile ya kwenda Kirkenes inapita Berlevåg kwenye saa nne na nusu usiku, Båtsfjord inafika kama saa sita na robo. Wazee wa Kijerumani wamejifunika mablanketi wanasubiri taa za kaskazini (aurora, ile mianga ya angani), zikatokea kidogo kijani hivi, wakapiga makofi. Mimi nililala. Baharia akaniamsha kwa bega, "Båtsfjord, rafiki," na begi langu alishalipeleka mlangoni.

Jumatatu: kurudi

Ndege ya Tromsø ilitoka kwa wakati, anga jeupe safi, na safari hii Berlevåg ilitua. Nikamtumia mdogo mtu meseji niko uwanjani kwenu dakika kumi. Alikuwa zamu, akajibu na picha ya mtoto anakula ugali wa mhogo mikono yote miwili.

Kwa wanaotaka hesabu: kilometa 38 angani, dakika 12. Meli, saa moja na dakika 45 hivi. Barabara tisini na kitu, sisi ilituchukua kama masaa nane. Ukipanga kati ya Novemba na Aprili usiweke safari ya kimataifa siku ileile au hata kesho yake, na tiketi zote zikate kwenye bukingi moja ili ukikwama wao ndio wahangaike na wewe. Nafasi ya meli unaweza kuweka mtandaoni ila kwa kituo kimoja nilipanda nikalipia mapokezi, wanapokea kadi. Bandarini Berlevåg usiku hakuna pa kukaa ndani, kaa nyumbani mpaka uone taa za meli zinazunguka ukuta.